Kasubi baada ya moto: nyumba imerudi, vitu vyake havijarudi

Atakayepanda kilima cha Kasubi leo akitarajia kukuta magofu na nguzo zilizoungua hatayakuta. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda, iliyoteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, imesimama tena, paa lake la nyasi likiteremka mpaka karibu na ardhi kama lilivyokuwa zamani, na mwezi Septemba 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ambamo iliwekwa mwaka ule ule wa moto. Tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili tunaoishi Kampala, pamoja na ndugu wanaotutembelea kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambao kila mara huuliza kama ziara ya huko inastahili nauli, kiingilio na nusu siku ya mtu. Kwa maoni yangu inastahili, ila mgeni ajue mapema ni kipi kilichorudi na ni kipi ambacho hakitarudi, la sivyo atatafuta kitu ambacho hakipo na kukipita kile kilichopo.

Historia yake tuiseme kwa kifupi, maana asiyeijua ataona nyumba kubwa ya nyasi na kushangaa kwa nini watu wazima walisimama barabarani wakilia siku ilipoungua. Kilima kiko Rubaga, kiasi cha kilomita 5 kaskazini magharibi ya katikati ya jiji. Kabaka, yaani mfalme, Muteesa I alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, mahali ambapo baba yake, Suuna II, aliwahi kuwa na makao, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa ndani ya nyumba ile ile. Jambo hilo lilikuwa geni katika Buganda ya wakati huo. Wafalme waliotangulia walizikwa kila mmoja mahali pake katika nchi ya Busiro, na taya la mfalme lilitengwa na mwili wake likahifadhiwa katika nyumba yake maalumu. Muteesa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzikwa mwili ukiwa kamili. Waliomfuata wakalazwa naye: mwanawe Mwanga II, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na mabaki yake kuletwa mwaka 1910, Daudi Chwa II, aliyefariki mwaka 1939, na Edward Muteesa II, rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani mwaka 1971. Hivyo wako wanne chini ya paa moja, na wawili kati yao walifia ugenini. UNESCO iliiandikisha Kasubi kuwa urithi wa dunia mwaka 2001.

Kufika si kazi. Teksi za abiria zinazopita barabara ya Hoima kuelekea Nansana hukushusha soko la Kasubi, na kutoka hapo ni kupanda kilima kwa miguu au kwa boda boda. Kiingilio hulipwa langoni. Kwa kuwa viwango hubadilika, ni vyema kuulizia kabla ya safari na kudai risiti. Mavazi yana uzito kuliko wageni wengi wanavyodhani: hapa ni makaburini na pia ni nyumba ya ibada ya jadi, kwa hiyo mwanamke avae gomesi au sketi ndefu, au aje na leso ya kujifunga juu ya suruali, na viatu huvuliwa mlangoni. Ndani watu huketi chini kwenye mikeka, wanawake wakiwa wamekunja miguu upande mmoja. Mwenye magoti mabovu aseme mapema, wala asione haya.

Unaingia kupitia Bujjabukula, nyumba ya walinzi wa lango, ambayo nayo imejengwa kwa fito na matete na kuezekwa nyasi. Wengi huipita mbio wakiukimbilia uwanja, lakini ningemshauri mgeni asimame hapo kidogo, kwa sababu ndipo mahali pazuri pa kuona kwa karibu namna matete yanavyofungwa moja moja, yakabanwa pamoja mpaka ukuta ukawa kama kitambaa kilichofumwa. Ukishakizoea kipimo hicho kidogo utaielewa zaidi nyumba kubwa. Karibu na lango kuna pia Ndoga Obukaba, nyumba ya ngoma za kifalme, kisha uwanja unafunguka mbele yako, mpana, na nyumba za wajane wa Kabaka zikiuzunguka, na mwisho wake ndipo lilipo paa lenyewe.

Picha haziwezi kukuandaa kwa ukubwa wa paa hilo. Nyumba ina upana wa mita 31 kutoka ukingo hadi ukingo na kimo cha mita 7.5 kwa ndani, na kwa kuwa nyasi zinashuka kote, jicho halioni ukuta. Linaona kilima kingine cha rangi ya kijivu na kahawia kilichowekwa juu ya kilima cha Kasubi. Sogea karibu na ukingo wa chini, pale paa lilipokatwa. Hapo ndipo ilipo kazi inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika ziara hii. Nyasi hazikutandazwa ovyo. Zimefungwa vichane vichane, kila kichane kikachaguliwa, kikasafishwa majani yake na kusukumwa kubana na mwenzake, tabaka juu ya tabaka, na kisha ukingo wote ukakatwa kwa mkono ukawa laini, unene wake ukiwa wa kutosha kumficha mtoto. Ukiuweka mkono bila kubonyeza, unahisi ncha ngumu za mabua zilizobanana kiasi kwamba kidole hakipenyi. Mvua ya Kampala, ambayo sote tunaijua, inateleza juu ya ncha hizo bila kuingia ndani.

Kazi hiyo haifanywi na fundi yeyote aliyepatikana. Katika Buganda majukumu ya nyumba ya Kabaka yamegawanywa kwa koo, na kuezeka ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, ambao kiongozi wao wa kazi hiyo hubeba cheo cha Wabulakayole. Ukoo wa Ngo, wa chui, una sehemu yake katika mapambo. Na ukoo wa Ngonge, wa fisi maji, unajulikana kwa nguo za magome ya miti. Kazi ina miiko yake pia. Kwa desturi, wanawake hawaingii katika nyumba wakati inapoezekwa, na mafundi wenyewe huwekewa masharti ya kujizuia katika maisha yao ya ndani mpaka wamalize. Mimi ni mwanamke, na sitajifanya kwamba mwiko huo ulinifurahisha nilipoelezwa. Lakini ni sehemu ya maelezo ambayo mgeni anapaswa kupewa kama yalivyo, bila kutiwa sukari, na mwongozaji wetu aliyatoa hivyo, akaniacha nimuulize maswali yangu mpaka nikatosheka.

Nilitaja miiko kwa makusudi, kwa sababu inaeleza mojawapo ya mambo yaliyowashangaza watu wa nje baada ya moto: kwa nini nyumba ilichukua zaidi ya miaka 10 kurudi. Fedha zilikuwa tatizo, ndiyo. Serikali ya Uganda ilichangia, Japani ikasaidia kupitia UNESCO, na kuanzia mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga, alizunguka huku na huko na kampeni ya kuchangisha fedha iitwayo Ettoffaali, ambayo wengi wetu tulichangia hata tusio Waganda, maana ilipita kila mtaa. Lakini fedha hazioteshi mafundi. Nyumba ya namna hii haijengwi mara kwa mara, na wazee waliojua kufunga pete za paa na kuchagua nyasi walikuwa wamebaki wachache, ikalazimu ujuzi wao uandikwe na vijana wafundishwe wakati ujenzi unaendelea. Kwa hiyo ukitazama paa hilo, fahamu kwamba unatazama pia darasa ambalo bila moto huenda lisingefunguliwa mpaka walimu wakaisha.

Ndani, baada ya mwanga wa uwanjani, macho yanahitaji muda. Kinachoanza kuonekana ni pete za paa, zilizotengenezwa kwa makuti, zikipungua upana kadiri zinavyopanda kileleni. Ziko 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Nguzo na dari zimevikwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, wa jamii ya mkuyu, ambayo hutengenezwa kwa kubandua gome, kulilainisha na kulipigapiga kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likatanuka na kuwa shuka yenye rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi; hufungwa kwa majani ya migomba na gome jipya huota. Utengenezaji wa nguo hiyo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa aina hiyo, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mikeka imetandikwa juu ya sakafu, na mbele, pazia kubwa la lubugo linatenga sehemu iitwayo Kibira, msitu mtakatifu ambamo wafalme wanasemekana wameingia. Mgeni haingii humo. Hata raia wa kawaida wa Buganda haingii. Wapo wanawake, warithi wa vyeo vya wake za Kabaka, wanaokaa kwa zamu kuitunza nyumba, na ukiwakuta wamekaa pembezoni ni adabu kuwasalimu kwanza kabla ya kuanza kuangaza macho huku na huko. Nasi tulimpigia magoti jjajja (bibi) mmoja aliyekuwa akisuka mkeka, akatuuliza tumetoka wapi, na alipojua kwamba mgeni wangu ametoka Mwanza akamwambia kwa Kiswahili kizuri tu, "Karibu, mwanangu, ziwa ni lile lile."

Sasa niseme kisichorudi. Waliobahatika kuingia kabla ya 2010 wanakumbuka mikuki, ngao, picha za wafalme, zawadi za kigeni na chui aliyekaushwa, ambaye ilikuwa ikielezwa kwamba alifugwa na Muteesa I mwenyewe. Karibu vyote viliteketea. Makaburi yenyewe yako chini ya ardhi na hayakuguswa, na hilo viongozi wa Buganda walilisema mapema ili kuwatuliza watu. Lakini vitu vilivyoshikwa na mikono ya wenye kaburi havina mbadala. Mkuki unaweza kufuliwa mwingine na ngao kusukwa nyingine, wala sina ubaya na hilo, mradi mgeni aelezwe kwamba anachokiona ni kipya. Ndiyo maana nasema nyumba imerudi ila hazina iliyokuwamo haikurudi, na anayetaka kuona vyombo vya kale vya kifalme, ngoma na zana za muziki za makabila ya Uganda, apange siku nyingine ya kwenda Makumbusho ya Taifa kule Kitante, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1908. Kasubi si mahali pa kutazama vitu kwenye kabati za vioo. Ukienda na matarajio hayo utatoka baada ya dakika 15 ukilalamika kwamba umelipia chumba kitupu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata nyumba yenyewe si ile, kwamba ni nakala, na kwamba urithi uliisha usiku ule wa Machi. Nimewasikia wenzangu wakilisema hilo, na wengine ni watu waliosoma historia. Sikubaliani nao. Nyumba ya nyasi haikuwahi kuwa na umri mmoja. Paa lilifanyiwa ukarabati tangu enzi za Muteesa, nyasi zilizooza zikatolewa na kuwekwa mpya, na katika matengenezo makubwa ya mwaka 1938 hata mifupa yake ikabadilishwa kwa kuingizwa saruji, chuma na matofali, vitu ambavyo Muteesa hakuvitumia. Kwa hiyo nyumba iliyoungua haikuwa ile ya 1882 kwa nyenzo. Ilikuwa ile kwa mahali, kwa umbo, kwa koo zilizoijenga na kwa wale waliolala ndani. Kwa vipimo hivyo vinne, iliyopo leo haina kasoro. Nitakiri tu kwamba upya wake unaonekana: rangi ya lubugo bado imekolea, na ule moshi na weusi uliolipa dari la zamani uzito wake haupo. Hilo litarekebishwa na miaka, si na fundi.

Kuhusu moto wenyewe, mgeni atauliza, na ni haki yake. Ulizuka usiku, na nyasi za unene ule huwa na tabia ya kuhadaa: juu hazishiki moto upesi kwa sababu zimebanana na hazina hewa, lakini moto ukishapenya ndani huenda ukijificha katikati ya matabaka, ambako maji yanayomwagwa juu hayafiki, kwa kuwa paa limetengenezwa ili maji yateleze, na uwazi mkubwa uliopo chini ya kilele hufanya kazi ya bomba la moshi, ukivuta hewa kutoka mlangoni na kuipeleka juu. Paa la namna hiyo likishafika hatua hiyo ni vigumu kuliokoa. Kilichobaki kilikuwa majivu, kuta na nguzo. Wakati huo uhusiano wa serikali na ufalme ulikuwa bado na majeraha ya ghasia za Septemba 2009, na Rais Museveni alipofika kilimani siku iliyofuata yalitokea makabiliano na watu wakapoteza maisha. Tume ya uchunguzi iliundwa. Kuhusu chanzo, kila mtu Kampala ana lake, na mgeni asitegemee kwamba mwongozaji atamkatia shauri ambalo nchi nzima haijalikata. Nilichopenda ni kwamba aliyetuongoza hakulikwepa suala hilo wala hakulitumia kuchochea. Alieleza yaliyotokea, akasema mambo yanayobishaniwa ni yapi, akaendelea na kazi.

Nilitazama kwa makini hatua za kujikinga, kwani kujenga upya nyumba ya nyasi bila kufikiria moto kungekuwa kazi bure. Msaada wa Japani ulielekezwa kwa sehemu kubwa huko: vifaa vya kuzimia moto, maji ya akiba na mafunzo kwa watu wanaoishi kilimani, ambao ndio watakaoona moshi kabla ya gari lolote la zimamoto kupita msongamano wa Nakulabye. Hili la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Uvutaji wa sigara na uwashaji wa kitu chochote karibu na nyumba haufai hata kufikiriwa, na mwenye kuja na watoto awachunge, hasa wakati wa kiangazi. Lipo jambo moja ambalo ningependa kuliona likiongezwa, nalo ni kibanda kidogo pembeni ya uwanja, mbali na nyumba takatifu, chenye picha za mwaka 2010 na za kila hatua ya ujenzi. Watoto waliozaliwa baada ya moto ule sasa wako sekondari. Wanalitazama paa na hawaoni sababu ya kushangaa.

Kiswahili nacho kina nafasi yake katika nyumba hii, ingawa Waganda wengi watakwambia lugha hii ililetwa na wanajeshi. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika baraza la Buganda tangu enzi za Suuna II, Ahmed bin Ibrahim akiwa ametajwa kuwa hapo mwaka 1844, na Muteesa I mwenyewe alijifunza Kiarabu na Kiswahili kutoka kwao. Henry Stanley alipomtembelea mwaka 1875 mazungumzo mengi yalipita katika Kiswahili, na wamisionari waliomfuata nao walianza kwa lugha hiyo kabla ya kuimudu Luganda. Mwenye nyumba, basi, alikuwa mzungumzaji wa Kiswahili. Ukifika langoni, omba tu kwa upole kuongozwa kwa Kiswahili, au kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Sisi tulipata mtu aliyetuelezea kwa ufasaha wa kutosha, majina ya vyeo akiyaacha katika Luganda kama inavyopasa. Tangu mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda katika katiba, na sehemu kama hii ndiyo inayoweza kukifanya kisikike bila kelele za kisiasa.

Malalamiko yangu yote yanahusu namna tulivyofika, si mahali tulipofika. Mara ya kwanza nilimpeleka mgeni kupitia kampuni moja ya utalii ya mjini ambayo huuza ziara ya nusu siku ikiunganisha msikiti wa Kampala ya Kale, kanisa la Namirembe, ikulu ya Mengo, soko la vinyago na Kasubi, vyote kabla ya chakula cha mchana. Karatasi yao iliahidi maelezo ya kina. Tulichopata ni dereva aliyetazama saa, akatuambia kwamba foleni ya kurudi mjini itakuwa mbaya, na akaanza kupiga honi huku mwongozaji wa pale akiwa ndiyo kwanza anaeleza kuhusu Kibira. Kupiga honi nje ya makaburi ya wafalme! Mgeni wangu, mtu mpole wa Usukumani, aliinuka kwenye mkeka akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ofisini kwao walijibu kwamba ratiba ndivyo ilivyo. Ziara ya pili tulijiendea wenyewe kwa teksi, tukalipa sehemu ndogo tu ya fedha zile, na tukakaa mpaka tukachoka.

Kwa kujiendea wenyewe ndipo tulipoiona sehemu ambayo ziara za haraka haziigusi, yaani nyuma ya nyumba kuu. Eneo zima linakaribia hekta 30, na sehemu yake kubwa si majengo bali ni mashamba: migomba, mihogo, mitubа ya kutengenezea lubugo, vijia vya kupita. Huko nyuma wamezikwa wana wa kifalme na binti za kifalme, na huko pia ndiko unakoelewa kwamba Kasubi ni kijiji kilicho hai kilichozungukwa na jiji, chenye watu wanaopika, wanaolima na wanaogombana kuhusu mbuzi. Ni eneo linalohitaji ruhusa na mwongozaji. Usijitembeze peke yako.

Ukiwa na muda, unganisha Kasubi na Mengo pekee, na uanze na Mengo. Kwenye lango la ikulu kuna moto uitwao Ggombolola, unaotunzwa ukiwaka maisha yote ya Kabaka na kuzimwa anapofariki, na kuuona kabla ya kupanda Kasubi kunampa mgeni fahamu nyingine ya yale yaliyotokea mwaka 2010, kwa kuwa katika utamaduni huu moto wenyewe si adui. Una mahali pake, una watunzaji wake, na una siku yake ya kuzimwa. Asubuhi ndiyo saa nzuri zaidi, mwanga ukiwa bado unaingia mlangoni kwa mshazari na kuzifikia pete za paa. Tenga angalau saa mbili kwa Kasubi peke yake. Kabla ya kuondoka nyumbani, pigia simu au ulizia, kwani sherehe za ufalme na mambo ya kimila huweza kuifunga nyumba bila tangazo refu, na katika siku hizo hakuna risiti wala barua itakayokufungulia. Wenye kutaka burudani, kahawa baridi na duka la zawadi wana sehemu nyingi za kwenda Kampala. Wenye wazazi wazee waliokulia nyumba za nyasi wawapeleke hao kwanza, wawakalishe kwenye mkeka, na wawaachie wao waulize kuhusu paa, maana maswali yao ni mazuri kuliko yetu na mwongozaji atayajibu kwa furaha.